Ubao Usiokoshwa kwa Maji

Kuvunjika kwa koleo, walinena wahenga, sio mwisho wa uhunzi. Wapo watu wa makamo hapa pwani waliokuwa na mkono mzuri wa kuchora utotoni, kisha penseli ikawekwa kando kwa ajili ya kazi, ndoa na ulezi wa wana. Leo kimezuka chombo kinachowarudisha: tableti, kibao cha kioo kinachochorwa kwa kalamu isiyo na wino.

Vibao vya namna hii si vya jana. Kampuni ya Wacom, iliyovuma sana kwa kuviunda, ilianzishwa Japani mwaka 1983. iPad ilitoka mwaka 2010, na kalamu yake mwaka 2015. Kalamu hizi huhisi uzito wa mkono. Ukikandamiza, mstari hunenepa, ukilegeza, hukonda. Mwingereza David Hockney, aliyezaliwa mwaka 1937, alikuwa amepita miaka 70 alipochora majira ya machipuko ya Yorkshire juu ya iPad, na mwaka 2012 michoro hiyo ikatundikwa katika Royal Academy mjini London. Basi asiseme mtu kwamba umri umempita.

Aliyesoma chuoni hawezi kukistaajabia chombo hiki. Ubao wa mbao uliandikwa kwa wino, ukasomwa, ukakoshwa kwa maji, ukaandikwa tena. Tableti nayo hufutika kwa mguso mmoja, wala haili karatasi wala rangi. Mtu mzima aliyeacha kuchora huogopa zaidi kuonekana hajui, na kioo hakimsimangi.

Lakini hapo ndipo penye mtego. Ubao wa chuoni haukukoshwa kabla somo halijahifadhiwa. Kioo hufuta hata kabla jicho halijaona mstari umekosea wapi. Anayefuta mara ishirini atapata mchoro safi na mkono ule ule wa zamani. Yafaa auache mstari mbovu, auchore mwingine kando yake, avilinganishe. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, aliipima herufi kwa nukta za kalamu yenyewe, ili kila herufi ijulikane kimo na upana wake. Mchoraji naye apime kwa jicho: upana wa mfaa waingia mara ngapi katika upana wa mlango?

Na achore nini? Wanavyuoni wengi wamekataza sura za viumbe vyenye roho, na imepokewa kwamba Ibn Abbas alimwelekeza mchoraji kwenye miti na visivyo na roho. Mpwani hapo hana dhiki. Ana khati, ana majahazi, na ana milango ya nakshi.

Milango hiyo ndiyo inayotuhimiza. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini orodha haizuii mchwa wala hewa ya chumvi. Mbao zikioza, huwekwa mlango wa chuma, na nakshi imekwisha. Picha ya simu huunasa mlango kwa kufumba na kufumbua, na mpigaji huondoka asijue yungiyungi lina majani mangapi. Anayechora hana budi kuyahesabu. Tableti humruhusu kuweka mchoro kwa matabaka: miimo na kizingiti chini, minyororo juu yake, maua mwisho. Mchoro wa namna hiyo seremala aweza kuusoma na kuuchonga upya.

Basi mwenye kalamu hiyo aanze na mlango wa mtaani kwake, nusu saa baada ya alasiri, jua likilegea na vivuli vikidhihirisha kina cha nakshi. Kisha ahifadhi nakala zaidi ya moja, na nyingine aichapishe karatasini, kwani chombo huharibika. Na kabla hajaketi mbele ya nyumba ya watu, apige hodi. Mlango una wenyewe, na huenda bibi wa nyumba akamtajia jina la kila ua.