Rododendroni: Ukoo Uliotengenezwa na Milima

Azalia inayouzwa kwenye chungu, kichaka kisichofika magotini kilichojaa maua mekundu au meupe, ndiyo rododendroni pekee ambayo wengi wetu tumewahi kuiona. Ni mmea mzuri, ila umefugwa na kuchanganywa na wakulima wa maua kwa vizazi vingi mno hata hauwezi kutueleza mengi kuhusu ukoo wake. Jenasi ya Rhododendron ina spishi zaidi ya 1,000. Katika milima ya Gaoligong, magharibi mwa mkoa wa Yunnan nchini China, Rhododendron protistum huwa mti mkubwa unaokaribia mita 30. Huko Himalaya, Rhododendron nivale hujilaza juu ya mawe kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 5,500, yaani juu kuliko kilele cha Mlima Kenya, na majani yake hayafiki sentimita moja. Jani la Rhododendron sinogrande nalo huweza kupita nusu mita. Mimea hiyo mitatu ni ndugu wa jenasi moja, na mtu asiyefundishwa hawezi kuamini.

Ushahidi wa undugu huo umo ndani ya ua. Chukua ua lililochanua vizuri, hata la ile azalia ya chungu, ulipasue kwa urefu. Petali zake zimeungana chini zikafanya kikombe au faneli. Ndani yake mna stameni, kwa kawaida 10 katika rododendroni nyingi na 5 katika azalia nyingi, zilizojipinda kwenda juu. Sasa tazama ncha ya stameni kwa lenzi. Katika mimea mingi chavulio hupasuka ubavuni na kumwaga chavua kama vumbi, lakini hapa hakuna mpasuko: kuna vitundu viwili vidogo kileleni. Gusa kitundu kimoja kwa ncha ya sindano, kisha vuta taratibu. Chavua itatoka ikiwa imeshikana kwenye nyuzi nyembamba zenye kunata, mafungu ya chembe nne nne, kama shanga zilizotungwa. Nyuki akiingia kutafuta nektari, tumbo lake hugusa vile vitundu na kuondoka na uzi mzima. Anapofika kwenye ua jingine, safari hiyo moja inaweza kupeleka chavua ya kutosha kurutubisha mamia ya mbegu. Ndiyo maana tunda kavu la rododendroni hujaa mbegu nyingi mno, ndogo kiasi kwamba upepo huzipeperusha bila shida.

Azalia zilihesabiwa zamani kuwa jenasi inayojitegemea. Mtaalamu wa mimea Linnaeus alizitenga mwaka 1753, na katika karne ya 19 wataalamu wakazirudisha ndani ya Rhododendron. Wauza maua hawakufuata, nao hawana kosa, kwa kuwa mnunuzi anajua anachotaka. Kwa mtaalamu, tofauti yenye uzito zaidi iko nyuma ya jani: kundi moja lina magamba madogo ya duara yanayoonekana kwa lenzi, na kundi jingine halina magamba, ingawa mara nyingi lina manyoya mazito ya rangi ya kahawia. Makundi hayo mawili ni vigumu sana kuyazalisha pamoja.

Kwa nini spishi nyingi hivyo? Jibu langu ni milima. Zaidi ya nusu ya spishi zote zinapatikana China, na nyingi zimejazana kusini-magharibi, kwenye milima ya Hengduan, ambako mito Salween, Mekong na Yangtze inateremka sambamba ndani ya mabonde yenye kina kirefu. Mmea unaopenda baridi na unyevu huishi kwenye mgongo wa mlima, na ule wa mgongo wa pili hauwezi kuufikia kwa urahisi, kwa sababu kati yao kuna bonde lenye joto na ukame. Kila mgongo ukawa kisiwa. Zaidi ya hayo, mtu akipanda mlima mmoja tu hupita kwenye msitu mnene, kisha vichaka, kisha mawe matupu, na kila ngazi ina rododendroni zake zinazochanua kwa wakati wake. Mvua za monsuni zinanyesha miezi mingi na ukungu hauondoki. Miaka milioni kadhaa ya hali hiyo ikazaa mamia ya spishi.

Kitu cha pili kinachoziunganisha, baada ya ua, ni udongo. Rododendroni huishi kwenye udongo mchachu, wenye mboji nyingi na chakula kidogo. Mizizi yake ni myembamba kama nywele, haina kina, na ndani ya seli zake huishi kuvu wanaovunjavunja mboji na kuupatia mmea nitrojeni ambayo mimea mingine haiwezi kuifikia. Mahali ambapo mti wa kawaida hudumaa, rododendroni hustawi.

Baridi nayo ina dawa yake. Rhododendron maximum wa milima ya Appalachia, Marekani, hubaki na majani mabichi msimu wote wa theluji. Halijoto ikishuka chini ya nyuzi sifuri, majani huinama na kujikunja kwa urefu mpaka yanakuwa membamba kama penseli, na hewa ikipata joto hujikunjua tena. Maelezo yanayokubalika ni kwamba jani lililoganda haliwezi kutumia mwanga wa jua, na mwanga usiotumika huharibu mitambo yake ya ndani, hivyo hujikunja ili lipigwe na mwanga kidogo na liyeyuke polepole.

Ulaya iliujua utajiri wa rododendroni za Asia kwa kuchelewa. Mtaalamu wa mimea Joseph Dalton Hooker alifika Darjeeling mwaka 1848, akaingia Sikkim, na kitabu chake cha rododendroni za huko kilianza kutoka mwaka 1849 kikiwa na michoro ya Walter Hood Fitch. Mwaka huo huo wakuu wa Sikkim walimkamata na kumweka kizuizini kwa wiki kadhaa, na Waingereza wakafanya hilo kuwa sababu ya kunyakua sehemu ya nchi hiyo. Baadaye mkusanyaji wa mimea George Forrest alikusanya vielelezo Yunnan kuanzia 1904 hadi alipofariki huko mwaka 1932. Ndiye aliyekutana na yule mti mkubwa wa Gaoligong mwaka 1919, akaukata, na kipande cha gogo lake kikasafirishwa hadi Uingereza. Lakini sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na wakusanyaji wa kabila la Wanaxi kutoka vijiji vya karibu na Lijiang, wakiongozwa na Zhao Chengzhang, ambao walijua ni bonde gani lina ua gani na mbegu zinakomaa mwezi upi. Majina ya watu yanayobebwa na spishi hizo ni karibu yote ya Wazungu. Hiyo ni dhuluma, na anayeandika leo hana udhuru wa kuirudia.

Watu wa milimani walikuwa na maarifa yao muda mrefu kabla ya wageni hao. Rhododendron arboreum, ua la taifa la Nepal, huchanua mekundu kama damu, na katika jimbo la Uttarakhand nchini India maua yake hutengenezwa sharubati inayouzwa barabarani. Lakini anayekunywa sharubati hiyo asidhani kwamba ndugu zake wote wanalika. Spishi nyingi zina grayanotoksini, sumu inayokaa kwenye majani, maua na nektari. Kwenye utando wa seli za neva na misuli ya moyo kuna milango midogo ya sodiamu inayofunguka na kufunga kwa kasi kubwa. Sumu hii huishikilia milango isifunge. Mapigo ya moyo hupungua, shinikizo la damu hushuka, mtu hutapika, kichwa kinazunguka, miguu haimbebi.

Nyuki wakifyonza nektari hiyo sumu huingia kwenye asali. Karibu mwaka 400 kabla ya Kristo, jeshi la Wagiriki lililokuwa likirudi kwao lilipiga kambi karibu na mji ambao leo ni Trabzon, kwenye pwani ya Bahari Nyeusi. Xenophon, aliyekuwa mmoja wa makamanda, aliandika kwamba askari waliokula asali ya vijiji vya huko walianguka kama walioshindwa vitani, kisha siku ya tatu au ya nne wakainuka, wala hakufa mtu. Zaidi ya miaka 300 baadaye wenyeji wa pwani hiyo waliitumia kama silaha: mwanajiografia Strabo anaeleza kuwa waliweka asali njiani mwa askari wa jenerali wa Kirumi Pompeius, wakawaua walipokuwa wamelewa. Kaskazini mwa Uturuki asali hiyo bado inavunwa na kuliwa kwa kijiko kidogo kama dawa, na kila mara kuna anayezidisha na kuishia hospitali, ambako hutundikiwa dripu na kupewa atropini. Wengi hupona ndani ya siku moja au mbili. Nepal pia wanayo, ikirinwa kwenye majabali na watu wanaoning'inia kwa ngazi za kamba.

Rhododendron ponticum, inayoota pia kando ya Bahari Nyeusi, ilipelekwa Uingereza katika karne ya 18 kwa ajili ya bustani za matajiri. Hali ya hewa ilikuwa ya mvua na udongo mchachu, na mifugo haikuthubutu kuitafuna. Leo imevamia misitu ya mialoni ya Wales na Ireland, na chini ya kivuli chake hakuna mche wa mwaloni unaoota. Mamlaka za hifadhi hutumia fedha nyingi kuing'oa mwaka baada ya mwaka.

Kundi jingine, linaloitwa vireya, lina spishi zipatazo 300 katika milima ya Borneo, Papua na visiwa vya jirani. Nyingi huishi juu ya matawi ya miti, na mbegu zake zina mikia miwili ya kurushwa na upepo. Zimefika hadi kaskazini mwa Australia. Afrika hazikufika. Hakuna rododendroni hata moja ya asili barani kwetu.

Ukoo wake, hata hivyo, uko hapa. Ukipanda Kilimanjaro, ukishapita mwinuko wa mita 3,000 hivi utaingia kwenye msitu wa erika, miti yenye majani membamba kama sindano, iliyofunikwa kuvumwani ndefu zinazoning'inia kama ndevu. Rwenzori ina misitu minene zaidi ya aina hiyo. Erika na rododendroni ni wa familia moja, Ericaceae, na erika nayo ina kuvu mizizini, udongo mchachu na maua yenye chavua iliyoshikana nne nne. Rododendroni ilikwenda kuijaza Asia, na erika, iliyotokea kaskazini, ikashuka kwa kupitia milima yetu hadi Rasi ya Afrika Kusini, ambako ilizaa spishi zipatazo 700. Misitu ya erika hukamata maji ya ukungu na kuyadondosha ardhini. Moto wa Oktoba 2020 uliunguza eneo kubwa la ukanda huo wa Kilimanjaro, na habari zake zilizungumzia zaidi watalii na vibanda kuliko miti iliyoteketea. Asia haijanusurika pia: takriban robo ya rododendroni zote zimo hatarini, na Rhododendron kanehirae ya Taiwan ilitoweka porini baada ya bwawa la Feitsui kufunika kingo za mto wake mwaka 1984. Ilibaki bustanini tu, na humo ndimo ilimotolewa miche ya kuirudisha.

Anayetaka kuotesha azalia hapa kwetu aangalie chai inapostawi. Lushoto, Njombe, Rungwe, Limuru na Kericho zina baridi na udongo mchachu unaofaa. Pwani isijaribiwe, kwa kuwa joto ni kali na udongo wa matumbawe una chokaa; ua lenye shina nono linalouzwa huko na ambalo wengine huliita azalia ni adenium, mmea wa nchi kame wa ukoo mwingine kabisa. Changanya udongo na mboji ya majani ya misonobari, mwagilia maji ya mvua ukiweza, na usipalilie kwa jembe karibu na shina maana mizizi iko juu juu. Majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, mmea unashindwa kupata madini ya chuma kwa sababu uchachu umepungua, na mara nyingi chanzo ni majivu ya jikoni yaliyomwagwa kwa nia njema. Matawi unayopogoa yafukie shimoni. Usiwatupie mbuzi: majani machache tu yanatosha kuwalaza chini.