Je, Wajua? Upepo wa Ziwani, Samaki wa Bwawani na Nyaya za Hanang

Mbulu na Hanang hakuna pwani. Kutoka Katesh hadi Pangani kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 400, na anayetaka kuonja maji ya chumvi huku kwetu huenda Balangida au Eyasi, ambako hakuna jahazi. Kwa hiyo msomaji akisikia kwamba wavuvi wa Ulaya wanavutana na wajenzi wa mitambo ya upepo baharini, ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini mkulima wa ngano wa Basotu. Yanamhusu kwa njia mbili: swichi ya ukutani, na dagaa wa mnadani.

Je, wajua kwamba shamba la kwanza la upepo baharini duniani limekwisha kubomolewa? Liliitwa Vindeby, huko Denmark. Lilikuwa na mitambo 11, lilianza kazi mwaka 1991 na kung'olewa 2017. Mitambo yote hiyo kwa pamoja haikufikisha megawati 5; siku hizi mtambo mmoja wa baharini hupita kiwango hicho mara mbili na zaidi.

Ugomvi wenyewe uko hivi. Mvuvi anayekokota wavu chini ya bahari hawezi kupita salama kati ya nguzo na nyaya zilizolazwa mchangani, hivyo eneo lake la kazi hupungua bila yeye kuuza hata hatua moja. Mvuvi wa mshipi, kinyume chake, mara nyingi hufurahi. Nguzo zikikaa majini muda si mrefu huota mwani na kome, kaa huja, na samaki huwafuata. Pale Block Island, Marekani, penye mitambo 5 iliyoanza 2016, wavuvi wa ndoana huegesha boti zao karibu na nguzo. Kwa hiyo ukiambiwa "wavuvi wanapinga" au "wavuvi wanaunga mkono", uliza kwanza ni wavuvi wa chombo gani.

Na je, wajua kwamba mapovu huzuia kelele? Kugongelea nguzo ya chuma kwenye sakafu ya bahari hutoa mshindo unaowafukuza pomboo kwa kilomita nyingi. Ujerumani imeweka kikomo: umbali wa mita 750 kutoka kwenye nguzo, kelele isizidi desibeli 160. Ili wasivuke hapo, wajenzi hulaza bomba lenye matundu kuizunguka nguzo, wakasukuma hewa ndani, na mapovu yakipanda yanakuwa pazia linalomeza mshindo. Ni mbinu rahisi ya kushangaza, nayo isingetumika kama pasingekuwa na tarakimu iliyoandikwa mahali.

Mitambo hii haikai baharini tu. Sweden ina 10 ndani ya ziwa Vänern tangu 2010. Uholanzi ilimaliza mwaka 2021 shamba la mitambo 89 ndani ya IJsselmeer, ghuba ya zamani iliyozibwa ukuta ikawa ziwa la maji baridi, na waliojenga walitengeneza pia kisiwa na maji mafupi kwa ajili ya ndege na samaki. Sisi wa nchi ya maziwa hiyo ndiyo mifano ya kuifuatilia zaidi kuliko Bahari ya Kaskazini.

Tanzania bado hatuna mtambo wa upepo majini. Hata nchi kavu tumeanza juzi: shamba la Mwenga, Mufindi, lina mitambo 3 ya jumla ya megawati 2.4 na lilianza 2020. Singida, majirani zetu, wamesikia ahadi za upepo kwa zaidi ya miaka kumi. Upepo wenyewe haujaacha kuvuma.

Shamba kubwa la upepo la Afrika Mashariki liko kando ya ziwa, lakini si letu. Karibu na Ziwa Turkana, Marsabit, Kenya, imesimama mitambo 365 yenye megawati 310. Umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha Suswa, karibu na Nairobi. Mitambo ipo nchi kavu, kwa hiyo hakuna wavu ulionaswa, ila malisho ndiyo yaliyoleta kesi. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi, ekari 150,000, zilitolewa bila kufuata utaratibu, na mvutano wa kisheria ukaendelea baada ya hapo.

Msomaji wa Hanang mwenye umri wa kutosha atakuwa ametikisa kichwa. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyosaidiwa na Canada, yalichukua malisho ya Wabarabaig kwa hoja ile ile ya manufaa ya taifa. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda Mahakama Kuu wakashinda mwaka 1984. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo kwa sehemu kubwa. Turkana ilikuwa upepo, kwetu ilikuwa ngano. Utaratibu wa kumtafuta mwenye eneo baada ya kazi kuanza ni mmoja.

Sasa twende kwenye nyaya. Je, wajua kwamba Suswa haipokei upepo wa Turkana peke yake? Tangu 2022 inapokea pia umeme wa Ethiopia, kwa njia ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Wolayita Sodo. Upande wa kusini wa Nairobi ipo njia nyingine, ya kilovolti 400, inayotoka Isinya kupitia Namanga, Arusha na Babati hadi Singida. Kati ya Babati na Singida ndipo ilipo Hanang. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba mikoa ya kaskazini itanunuliwa umeme kutoka Ethiopia, kwa sababu ule wa kusini hupotea mwingi njiani kabla haujafika huku. Wairaqw, ambao lugha yao ni ya ukoo wa Kikushi na asili yake hutajwa kuwa huko huko kaskazini, wana ruhusa ya kucheka.

Umeme huo wa Ethiopia una mvuvi nyuma yake. Mto Omo ndio unaolipa Ziwa Turkana zaidi ya asilimia 80 ya maji yake, na juu ya mto huo Ethiopia ilizindua mwaka 2016 bwawa la Gibe III, megawati 1,870. Lilipoanza kujazwa mwaka 2015, kina cha ziwa kilishuka kwa zaidi ya mita moja. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka hifadhi za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Baadaye mvua kubwa zilikuja, ziwa likapanda hadi kufunika makazi, na waliosema ziwa litakauka wakanyamaza kidogo.

Lakini ukiwauliza wanaojua samaki, kiasi cha maji ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni majira. Omo wa zamani ulifurika kila mwaka, ukabeba rutuba, ukajaza maji mafupi ya kingo, na samaki wakapata ishara ya kuzaa na mahali pa kulelea vifaranga. Mtambo wa umeme hautaki mafuriko. Unataka maji yale yale Januari na Agosti, kwa sababu taa huwashwa miezi yote. Mto unaweza kutoa jumla ile ile ya maji kwa mwaka na bado ukawa umenyimwa mazalia.

Jambo kama hilo limekwisha kutokea katika ziwa linalotulisha. Dagaa wa Mwanza wanaopimwa kwa kopo kwenye minada yetu wanatoka Ziwa Victoria, na ziwa hilo lina bomba moja la kutokea: Jinja, Uganda, penye bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Tangu enzi za Waingereza kulikuwa na makubaliano na Misri kwamba maji yanayoachwa pale yawe kiasi ambacho mto ungejitolea wenyewe kwa kina cha ziwa cha siku hiyo. Mwaka 2000 kituo cha pili, Kiira, kikaongezwa. Kati ya 2003 na 2006 ziwa lilishuka takriban mita moja. Ukame ulikuwapo, lakini maji yaliyopitishwa kwenye mitambo kuzidi makubaliano nayo yalichangia sehemu kubwa. Kingo zenye matete, ambako sato hutaga, zikabaki matope makavu, na mialo ikawa mbali na maji. Kanuni ilikuwapo kwa karibu nusu karne, na ilivunjwa kwa kufungua malango tu, bila bunge wala kelele. Mimi naona hapo ndipo penye somo zito kuliko mitambo yote ya Ulaya.

Ziwa hilo hilo lina habari nzuri pia. Wavuvi wa dagaa, ambao huvua usiku usio na mwezi, walizoea karabai za mafuta ya taa zilizokula sehemu nzuri ya mapato ya usiku. Wengi sasa hutumia taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Hii ni nishati jadidifu iliyoingia majini bila nguzo wala kesi.

Je, wajua kwamba bwawa la umeme huweza pia kuzaa wavuvi? Nyumba ya Mungu lilijengwa katikati ya miaka ya 1960, na ukingo wake wa magharibi ni Simanjiro, mkoa wetu huu wa Manyara. Kituo chake ni cha megawati 8 tu, lakini samaki wake wa miaka ya mwanzo waliwavuta wavuvi kutoka mbali. Majani na miti iliyozama huoza, hutoa rutuba, na perege huzaliana kupita kawaida. Rutuba ile ya mwanzo ikiisha, mavuno hushuka, ilhali wavuvi wameshajenga nyumba na kuoa. Mwaka 2016 uvuvi ulisitishwa pale ili samaki wapumue. Kwenye bwawa la Mtera nako walitokea wavuvi mahali ambapo zamani palikuwa nchi kavu ya kuchungia.

Kihansi ni kisa kingine kabisa, na nakiri nakipenda kuliko vyote. Bwawa la megawati 180 lilianza kuchepusha maji ya maporomoko mwaka 2000. Chini ya maporomoko hayo, kwenye ukungu wa maji, aliishi chura mdogo wa manjano asiyepatikana popote pengine duniani, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Alikuwa ametambuliwa na wanasayansi miaka michache tu nyuma. Ukungu ulipotoweka, vyura karibu 500 walipelekwa Marekani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, na bondeni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji kama bustani ya mboga. Ugonjwa wa kuvu ukaja juu yake, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa hayupo tena porini. Vyura walirudishwa Tanzania 2010, na tangu 2012 wakaanza kuachiwa tena Kihansi. Ukiwasha taa Mbulu, kwenye gridi hiyo hiyo kuna uniti zilizopita pale.

Upande wa Ziwa Kivu, Rwanda, umeme hutolewa katikati ya maji kwa kweli. Jukwaa linaloelea, kama kilomita 13 kutoka nchi kavu, hunyonya maji ya kina cha mita 350 yaliyojaa gesi ya methani, na kituo cha KivuWatt cha megawati 26 huichoma ufukweni tangu 2016. Juu yake wavuvi hupita usiku na mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu, wakitafuta sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Tanganyika miaka ya 1950. Sambaza huishi tabaka la juu tu, kwa kuwa chini hakuna oksijeni. Hivyo kanuni kuu ya mradi ni kina cha kurudishia maji yaliyokwisha kutolewa gesi: yakirudishwa juu mno yatapeleka sumu na rutuba ya chini kwa samaki.

Turudi nyumbani. Je, wajua kwamba Eyasi, ziwa la magadi linalokauka na kujaa, lina perege wake? Jina lake la kisayansi ni Oreochromis amphimelas, na duniani anapatikana Tanzania tu, katika maziwa ya chumvi kama Manyara, Eyasi, Kitangiri na Singida. Mvua zikiwa nzuri na ziwa likajaa, wavuvi huja, hupiga kambi, huvua, na maji yakikauka huondoka.

Na wapo heroe. Hutembea kati ya Natron, Manyara, Eyasi na Balangida wakifuata maji na chakula. Nyaya za umeme ni hatari kubwa kwa ndege wenye shingo ndefu kama hao. Kule Kajiado, Kenya, shamba la upepo la Kipeto la mitambo 60 limeajiri watu wa kuangalia anga. Tumbusi akikaribia, mtambo husimamishwa. Hiyo inawezekana kwa sababu tumbusi huruka mchana, jua likishapasha hewa. Heroe huhama usiku. Mtaalamu atakayekuja kuhesabu ndege chini ya nyaya za Hanang kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, akiwa na darubini nzuri, ataandika kwa uaminifu kabisa kwamba hakuona heroe hata mmoja akipita.