Mionzi ya angani hupimwaje ndani ya chombo?

Kila mwanaanga aliyemo katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, takriban kilomita 400 juu ya Dunia, huvaa kifaa kidogo kinachohifadhi kiwango cha mionzi anayopata. Vifaa vingine vilivyofungwa ndani ya kituo hutoa vipimo papo hapo, hasa kinapopita juu ya Atlantiki ya Kusini, ambako ngao ya sumaku ya Dunia ni dhaifu.

Mionzi hiyo huongeza hatari ya saratani. Kwa sababu hiyo, shirika la Marekani, NASA, limeweka kikomo cha milisiverti 600 kwa maisha yote ya kazi. Akikifikia, mwanaanga haruki tena.