Kufundisha Maana ya Jaribio: Funzo kutoka Loliondo

Katika somo la Sayansi, neno "jaribio" mara nyingi hutumiwa ovyo. Mwalimu huchemsha maji mbele ya darasa, watoto hutazama mvuke, kisha husemwa kwamba jaribio limefanyika. Hilo ni onyesho. Jaribio huanza na swali ambalo jibu lake halijajulikana, nalo hupangwa ili dai lisilo la kweli lipate kufichuka. Makala haya yanaeleza istilahi chache ambazo mwalimu hana budi kuzielewa kabla ya kuingia darasani.

Mfano wa Loliondo

Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka Tanzania na nchi jirani walifika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro. Huko Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyejulikana kwa jina la Babu, na ambaye alifariki mwaka 2021, alitoa dawa iliyochemshwa kutokana na mti uitwao mugariga. Mgonjwa alikunywa kikombe kimoja tu, kwa shilingi 500. Ilisemwa kuwa dawa hiyo huponya kisukari, pumu, saratani na UKIMWI, na wengi walirudi makwao wakishuhudia kwamba wamepona.

Je, ushuhuda huo ulitosha? Swali hili si la mchezo. Mgonjwa wa kisukari au wa UKIMWI anayeacha dawa za hospitali kwa kuamini kwamba amepona huhatarisha maisha yake. Hapa hatupimi imani ya mtu. Twauliza tu: kama tungetaka kujua kwa njia ya sayansi, tungepanga jaribio gani?

Istilahi za msingi

(a) Nadharia tete. Ni jibu la kukisia linaloweza kupimwa. "Dawa hii ni nzuri" haipimiki. "Baada ya miezi mitatu, wagonjwa wa kisukari waliokunywa dawa hii watakuwa na sukari pungufu katika damu kuliko wasiokunywa" yapimika.

(b) Kigeu. Ni jambo linaloweza kubadilika. Lile tunalolibadilisha kwa makusudi, yaani kunywa au kutokunywa dawa, ni kigeu huru. Lile tunalolipima, yaani kiasi cha sukari, ni kigeu tegemezi. Mengineyo, kama vile chakula na matibabu ya kawaida, yafaa yawe sawa kwa wote.

(c) Kundi linganishi. Ni watu wanaofanana na wanywaji, ila wao hawakupewa dawa. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Pumu hubana na kuachia. Mgonjwa husafiri anapozidiwa, na huenda angepata nafuu hata kama angebaki nyumbani. Bila kundi hili hatuwezi kutenganisha kazi ya dawa na mwendo wa ugonjwa wenyewe. Tena, kwa kuwa matumaini nayo huleta nafuu, kundi hili hupewa kinywaji chenye rangi na ladha ileile kisicho na dawa, wala mnywaji na mpimaji hawajui nani kapewa kipi. Wote huendelea na matibabu yao ya hospitali.

(d) Kura. Wagonjwa hugawanywa kwa kura, ili wenye nguvu wasirundikane upande mmoja.

Wingi wa mashahidi hauzibi pengo la ulinganisho. Mwaka 1747 daktari James Lind, akiwa melini, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika makundi sita ya watu wawili wawili, kila kundi na tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Watu 12 waliolinganishwa walifundisha zaidi ya maelfu wasiolinganishwa.

Kazi ya darasani

Dawa kamwe zisijaribiwe kwa wanafunzi. Tumia maharage. Swali liwe: je, samadi ya mbuzi huyafanya maharage yakue upesi? Andaa makopo 10 yenye udongo wa mahali pamoja, mbegu za aina moja, maji ya kipimo kimoja na jua sawa. Kwa kura, chagua makopo 5 yatiwe samadi iliyooza vizuri. Kabla ya kupanda, kila mwanafunzi aandike nadharia tete yake. Urefu wa miche upimwe kwa rula kila baada ya siku tatu, kwa muda wa majuma matatu, na kuandikwa katika jedwali.

Matokeo yakienda kinyume na matarajio, mwalimu asiyarekebishe. Mtoto anayepima, kisha akasema, "Nilikisia vibaya," amefaulu somo.

Maswali ya mazoezi

1. Katika jaribio la maharage, taja kigeu huru, kigeu tegemezi na kundi linganishi.
2. Kwa nini hatutumii makopo mawili tu?
3. Jirani asema, "Nilikunywa mizizi, mafua yakaisha baada ya juma moja." Utamwuliza nini?