Majilio, Sala na Haki Jijini Kampala

Majilio ndiyo mlango wa mwaka wa Kanisa Katoliki. Huanza Dominika ya nne kabla ya Krismasi, na kwa Kiganda huitwa Amatuuka, jina lenye maana ya kufika. Padre huvaa zambarau, isipokuwa Dominika ya tatu, ile ya furaha, ambapo huweza kuvaa waridi. Waamini hungoja mambo mawili kwa pamoja: sikukuu ya kuzaliwa kwa Bwana, na ujio wake wa mwisho atakapokuja kuhukumu. Hapo ndipo haki inapoingia katika sala. Anayemngoja hakimu huitazama kwanza mikono yake mwenyewe.

Masomo ya kipindi hiki ni makali kuliko nyimbo zake. Isaya anaona panga zikifuliwa kuwa majembe. Maria anamsifu Mungu anayewashusha wakubwa. Lakini kwa mkazi wa mjini linalochoma zaidi ni somo la Dominika ya tatu ya Mwaka C wa mzunguko wa masomo, kutoka sura ya tatu ya Injili ya Luka. Umati unamwendea Yohane Mbatizaji kutaka kujua wajibu wao. Hawaagizi wahamie jangwani. Anamtuma kila mmoja arudi kazini kwake: mwenye nguo za ziada agawe, mtoza ushuru asizidishe, askari asimwonee mtu kwa ajili ya fedha.

Kampala ya Desemba inalielewa somo hilo bila mhubiri. Nauli za mabasi ya mikoani hupanda, kwa kuwa kila mtu anataka kula Krismasi kijijini. Msichana wa kazi, aliyelea watoto wa wengine mwaka mzima, husimama kituoni na kilo mbili za sukari na gauni la mama yake ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, akihesabu upya noti zilezile. Kama mshahara wake wa Novemba haujalipwa, kitenge alichozawadiwa na mwajiri hakimfikishi Masaka. Mafundisho ya Kanisa hayachanganyi mambo haya mawili: zawadi ni hisani, mshahara ni deni. Papa Leo XIII aliliweka jambo hilo wazi mwaka 1891 katika Rerum Novarum, na tangu hapo halijabadilika.

Hisani nayo ina mahali pake, na Kampala pana jina: Nalukolongo. Huko Kardinali Emmanuel Nsubuga alianzisha nyumba ya kuwatunza wazee, walemavu na wagonjwa wasio na mtu, bila kuuliza dini zao, chini ya uangalizi wa Masista Wasamaria Wema. Jumamosi ya 28 Novemba 2015, baada ya Misa ya Namugongo na mkutano wa vijana Kololo, Papa Fransisko alikwenda kuwasalimu, na akiwa humo akaziomba parokia zote za Uganda na Afrika zisiwasahau maskini. Jua lilipotua, Majilio yalikuwa yameanza. Kesho yake aliruka kwenda Bangui, mji uliokuwa umeraruliwa na vita, akafungua Mlango Mtakatifu wa Jubilei ya Huruma katika kanisa kuu. Mwaka wa liturujia ulioanza hapo ulikuwa Mwaka C. Tarehe 13 Desemba, milango kama huo ilipofunguliwa katika makanisa makuu duniani kote, Injili iliyosomwa ilikuwa hiyo ya Yohane.

Kazi ya hisani ya kila wiki hufanyika katika jumuiya ndogo ndogo, kabondo kwa Kiganda. Majirani hukaa sebuleni au uani, husoma Injili ya Dominika, kisha hutaja nani mtaani ni mgonjwa na nani amefungiwa mlango kwa kodi ya nyumba. Majina hayo huingia katika maombi na, jumuiya ikiwa hai, katika mchango wa unga na maharage.

Wiki ya mwisho foleni za kitubio hurefuka. Padre huondoa dhambi, ila deni hubaki palepale: Kanisa humdai aliyedhulumu arudishe alichochukua. Kwa mwajiri yule, hiyo ni kulipa mshahara wa Novemba kabla basi la Masaka halijaondoka.