Kichwa Hakiachi, Malaria Hakuna: Iulizeni Pua

Ngana, katika bonde la mto Songwe unaotutenganisha na Malawi, kichwa kikiuma mtu huwaza malaria kwanza. Ni sawa kuwaza hivyo, na kupima ni lazima. Lakini kipimo kikionyesha hakuna malaria, na maumivu yakaendelea wiki nenda wiki rudi, kumeza dawa mseto ni kujichosha bure. Tuiulize pua.

Ndani ya mifupa ya uso mna mapango ya hewa, sainasi: mashavuni, juu ya nyusi, katikati ya macho, na nyuma kabisa ya pua. Kila pango humwaga ute wake puani kupitia kitundu chembamba. Ngozi laini ya ndani ikivimba kwa muda mrefu, huweza kuota vinyama vya kijivu, laini kama zabibu iliyomenywa. Vyenyewe haviumi. Uso huwa mzito vinapoziba vitundu na ute ukakwama, na uzito huo huongezeka mtu anapoinama kupalilia mpunga.

Dalili ninayoitilia maanani zaidi ni harufu. Mchele wa Kyela ukipikwa, hunukia hadi kwa jirani. Anayekaa nao jikoni miezi mingi bila kuisikia harufu hiyo, pua imeziba pande zote mbili na kamasi linashuka kooni, achunguzwe, hasa akiwa na pumu, maana magonjwa haya huandamana.

Anayesikia harufu vizuri, lakini kichwa kinagonga, anachefukwa na mwanga unamuudhi, huenda ana kipandauso, hata kama pua inachuruzika. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 2,991 waliojiona, au walioambiwa na daktari, kuwa vichwa vyao vinaumwa kwa sainasi: asilimia 88 walikuwa na dalili za kipandauso.

Turudi kwa vinyama vya puani. Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, alving'oa kwa sponji iliyofungwa uzi. Leo huanzwa na dawa ya steroidi ya kupuliza puani, na kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Vikigoma, hukatwa kwa msaada wa kamera nyembamba, ingawa huweza kuota tena.

Pua iliyoziba upande mmoja tu na kutoa damu isisubiri: huenda ni uvimbe mwingine, hata saratani. Omba rufaa umwone daktari wa masikio, pua na koo. Jicho likivimba, ukaona vitu viwili viwili au shingo ikakakamaa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.