Nyama za Pua: Kwa Nini Hurudi Baada ya Kupasuliwa

Ndani ya mifupa ya uso wa binadamu mna mapango ya hewa, jozi nne kwa hesabu: mashavuni, baina ya macho, kwenye paji, na nyuma kabisa ya pua chini ya ubongo. Yote humwaga ute wake puani kupitia vijia vyembamba. Utando wa ndani umejaa vinyweleo visivyoonekana kwa macho, navyo huusukuma ute huo, pamoja na vumbi na vijidudu, usiku na mchana.

Utando huo waweza kuvimba kwa majuma 12 au zaidi, ukaota vinundu laini vya rangi ya kijivu, mfano wa shokishoki iliyomenywa. Hizo ndizo nyama za pua. (Zile tezi za nyuma ya pua zinazowakoromesha watoto aghalabu huitwa kwa jina hilo hilo, lakini ni jambo jingine.) Mgonjwa hupumua kwa kinywa na hupoteza uwezo wa kunusa, hajui kama maziwa yamechacha wala kama chungu kinaungua jikoni.

Dawa zikishindwa, huja upasuaji. Katika miaka ya 1970 daktari Walter Messerklinger wa Graz, Austria, alichungulia pua kwa kidarubini na kuonyesha kuwa ute hauteremki ovyo, bali hufuata njia maalumu hadi kwenye tundu la asili la kila pango. Hapo ikadhihirika kwamba mpasuaji hana haja ya kuubambua utando wote. Yatosha azibue vijia. Njia hiyo ilienezwa katika miaka ya 1980 na Heinz Stammberger wa mji huo huo, na David Kennedy wa Marekani.

Je, nafuu yake hudumu? Madaktari wa Ghent, Ubelgiji, waliwachunguza tena wagonjwa 38 miaka 12 baada ya kupasuliwa, wakatangaza matokeo mwaka 2019. Nyama zilikuwa zimerudi kwa wagonjwa 30, na 14 walikuwa wamepasuliwa tena. Mtu akiishia kwenye hesabu hiyo atasema kazi ilikuwa bure, naye atakosea: kwa jumla dalili zao zilikuwa bado hafifu kuliko kabla ya kupasuliwa. Kinundu kidogo chaweza kuonekana kwa kidarubini bila kumzibia mgonjwa pumzi.

Nyama hurudi kwa sababu kisu huziondoa zenyewe bila kuondoa ugonjwa. Kwa wengi, utando hujaa aina ya chembe nyeupe za damu ziitwazo iosinofili, ambazo huchochewa na protini ijulikanayo kama intalukini-5. Huko Ghent, waliokuwa na protini hiyo kwa wingi, pamoja na wenye mzio, ndio waliohitaji zaidi kupasuliwa tena. Wenye pumu inayochochewa na aspirini nao wamo katika hatari kubwa.

Kwa hiyo upasuaji huipatia dawa njia ya kupita. Pua huoshwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kisha hupuliziwa dawa ya steroidi kwa miaka, hata mgonjwa anapojiona mzima. Tangu mwaka 2019 Marekani imeruhusu pia sindano ya dupilumabu, inayozuia ishara nyingine za uvimbe huo. Hudungwa kila baada ya majuma mawili, bei yake ni kubwa mno, na ikikatizwa nyama huweza kuota upya.